Wiki 12 za Kwanza na Mteja Mpya: Mwongozo kwa Kocha wa Mazoezi

Mteja anayemlipa kocha binafsi mjini mara nyingi si mwanamichezo. Ni mtu wa miaka 40 hadi 55, kazi yake ya kukaa, kitambi kimeanza kumkera, presha imeshatajwa kliniki, na hii si mara yake ya kwanza kuanza mazoezi. Aliwahi kulipia jimu, akapigishwa skwati 100 siku ya kwanza, akashuka ngazi kinyumenyume siku tatu mfululizo, hakurudi tena. Kosa halikuwa lake. Kwa mteja wa namna hii kazi ya kocha ni kumfikisha kipindi cha 24 (viwili kwa wiki, wiki 12) akiwa mzima na akiwa bado anataka kuja. Uzito wa dambeli, idadi ya seti, hata saa ya kukutana, vyote vipime kwa hilo.

Hapa tutamtumia mteja mmoja wa mfano: mwanamke wa miaka 46, kilo 88, urefu sentimita 160, karani wa ofisi, anameza amlodipine kwa ajili ya presha, goti la kulia linamuuma akishuka ngazi. Namba zake utazibadilisha kulingana na mtu wako, ila mpangilio wa kazi ni uleule.

Hatua ya 1: Maswali na presha, kabla hajagusa chuma

Anza na PAR-Q+, fomu ya kuchuja afya ya mtu kabla ya mazoezi. Ukurasa wa kwanza una maswali saba ya ndiyo au hapana: ugonjwa wa moyo au presha, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia katika miezi 12 iliyopita, ugonjwa mwingine wa kudumu, dawa anazotumia, tatizo la mifupa, viungo au misuli, na kama daktari amewahi kumwambia afanye mazoezi chini ya uangalizi wa hospitali tu. Akijibu hapana kote, anaweza kuanza. Akijibu ndiyo hata mara moja, mnaendelea na kurasa za nyuma zinazohusu ugonjwa husika. Fomu hiyo haidumu zaidi ya miezi 12, na inapitwa na wakati mara tu afya yake inapobadilika.

Usimpe tu karatasi akajaze pembeni. Kaa naye, msomee. Watu wengi huandika "hapana" kwenye dawa kwa sababu kwao kidonge cha presha wanachomeza miaka sita sasa si "dawa", ni mazoea. Uliza hivi: "Asubuhi ukiamka unameza nini?" Kisha omba aje na boksi, uandike jina kama lilivyoandikwa juu yake. Majina machache yanabadilisha kazi yako moja kwa moja:

Atenolol, bisoprolol na propranolol huzuia mapigo ya moyo yasipande. Mteja anaweza kuwa hoi huku saa ya mkononi ikionyesha mapigo 105. Kwake achana na hesabu za mapigo, tumia kipimo cha ugumu (anavyoihisi kazi mwenyewe) na cha mazungumzo (kama bado anaweza kuongea), tutakavyoona mbele.

Amlodipine na nyingine zinazotanua mishipa ya damu huleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla au akiacha zoezi ghafla. Huyu hapelekwi sakafuni na kuinuliwa mara kwa mara, na dakika 5 hadi 10 za kupoza mwili kwake ni lazima.

Dawa za presha zinazokojosha, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, humkausha mtu haraka. Awe na chupa ya maji mkononi tangu mwanzo.

Insulini na glibenclamide zinaweza kushusha sukari katikati ya mazoezi. Mteja apime kabla. Ikiwa chini ya 5.6 mmol/L, ale kitu chenye wanga gramu 15 hadi 30, ndizi moja kwa mfano, na awe na kitu kitamu mfukoni. Metformin peke yake mara chache huleta shida hiyo.

Presha ipime mwenyewe, kwa mashine ya mkono wa juu. Mteja akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Kosa linalojirudia kwenye jimu nyingi ni ule mkanda wa mashine: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Nunua mkanda mkubwa, hausubiri mteja wa tatu.

Ukipata 180/110 au zaidi, na baada ya kupumzika iko palepale, hakuna mazoezi siku hiyo. Aende hospitali, na ikiwa kuna maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, kuona ukungu au ganzi upande mmoja, aende sasa hivi na mtu wa kumsindikiza. Kati ya 160/100 na hapo, subiri neno la daktari kabla ya kunyanyua kitu. Mteja wetu wa mfano amesoma 146/88. Anaweza kuanza kwa nguvu ndogo, lakini mwandikie namba hizo kwenye kikaratasi apeleke kliniki, maana anameza dawa na bado iko juu. Usimwambie aongeze kidonge, wala apunguze. Hata baadaye presha ikishuka, anayepunguza dawa ni daktari.

Hatua ya 2: Jua anachokitaka kweli

Karibu kila mtu atasema kitambi. Ukikubali jibu hilo na kusonga mbele, wiki ya tano mzani ukigoma huna kingine cha kumshikia. Chimba kidogo, kwa adabu:

– Shikamoo mama.
– Marahaba, kocha. Mimi nataka hiki kitambi kiondoke kabla ya harusi ya binti yangu, Desemba.
– Hongera sana kwa harusi. Ukiacha gauni, kuna kitu gani zamani ulikuwa unakifanya bila kufikiri, sasa mwili unakikataa?
– Ngazi. Ofisi yetu ghorofa ya tatu, lifti ikikorofisha nafika juu nahema, hata salamu siwezi kuitikia.
– Kumbe ngazi zinakuudhi kuliko hata mzani.
– Eeh! Hasa.
– Kwa kipimo cha 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani kwamba Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa hapa?
– Kama sita hivi.
– Kwa nini sita, si tatu?
– Kwa sababu nimechoka kuhema, kocha. Na daktari kashaniambia.
– Na ili ifike nane, tubadilishe nini?
– Iwe jioni. Asubuhi nina mjukuu wa kupeleka shule.

Angalia kilichofanyika. Kocha hakuhubiri faida za mazoezi. Swali la "kwa nini si tatu" lilimfanya mama aseme mwenyewe sababu za kuja, na sababu aliyoitamka mwenyewe ina uzito kuliko kumi za kocha. Ungemuuliza "kwa nini si kumi" angeanza kuorodhesha vikwazo na kuvitetea. Halafu kile kikwazo cha kweli, mjukuu, kilijitokeza kabla ya kipindi cha kwanza, si baada ya kukosa vipindi vitatu.

Chini ya saba, usifunge makubaliano. Punguza siku, badilisha saa, au fupisha kipindi kutoka dakika 60 hadi 40, kisha uliza tena.

Kuhusu kilo, sema ukweli mapema. Kushuka nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa kilo 88 hiyo ni gramu 400 hadi 900, na ni wachache wanaoshika ule mwendo wa juu wiki zote 12. Kuahidi kilo 4 hadi 6 ni uungwana. Anayeahidi 15 atamaliza kwa kuuza chai ya kuharisha.

Hatua ya 3: Vipimo vya mwanzo

Vichache, vinavyorudiwa kwa namna ileile, siku ya pili badala ya ya kwanza ili mteja asihisi yuko kwenye mtihani.

Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa chini kabisa na kilele cha mfupa wa nyonga, mwisho wa pumzi ya kawaida, tepu ikigusa ngozi bila kuibana. Kupima kwenye kitovu ndiyo njia ya watu wengi, na ndiyo sababu namba zao zinarukaruka. Shirika la Afya Duniani huhesabu sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume kuwa ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi.

Kukaa na kusimama kwa sekunde 30: kiti cha sentimita 43 hadi 45 kimeegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani, hesabu mara ngapi anasimama wima. Kwa mteja wetu andika pia ni rudio la ngapi goti lilianza kusema.

Kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, hadi sekunde 30. Kisha kipimo alichokichagua mwenyewe: ngazi za ghorofa tatu, muda na mapigo dakika moja baada ya kufika. Hicho ndicho atakachokikumbuka.

Mzani na picha si lazima. Asiyetaka kupanda mzani, mwache.

Hatua ya 4: Wiki ya 1 na ya 2, siri ni kuacha akiba

Vipindi viwili kwa wiki, angalau saa 48 katikati. Kila zoezi liishie akiwa bado na marudio 3 au 4 ya akiba. Mfundishe swali hili tangu siku ya kwanza: "Ungelazimishwa, ungeongeza mangapi?" Wageni hukosea sana mwanzoni, atasema mawili kumbe yamebaki manane, kwa hiyo tazama pia mwendo. Rudio linapoanza kwenda polepole bila yeye kutaka, akiba imekaribia kwisha.

Kipindi kizima kina mambo saba.

Kupasha mwili dakika 8: kutembea dakika 5, kisha kuzungusha mabega, kuinua goti moja moja akishika ukuta, na kukaa na kusimama mara 5 polepole.

Kukaa na kusimama kwenye kiti, seti 2 za marudio 8 kila moja. Goti likiuma, usilazimishe. Weka godoro dogo au mto mgumu juu ya kiti ili kiinuke sentimita 5 hadi 10, na mwambie asukume nyonga nyuma kabla goti halijaanza kukunja. Maumivu ya hadi 3 kati ya 10, yanayotulia kufikia kesho yake, yanavumilika. Yakizidi hapo, au goti likivimba, rudi hatua moja na umwelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuinama kwa nyonga kwa kutumia mpini wa fagio, seti 2 za 8. Mpini ulale mgongoni ukigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya makombe ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Sehemu moja ikiachia, mgongo umekunja. Goti linakunja kidogo tu, makalio yanakwenda nyuma.

Pushapu za ukutani au kwenye meza nzito ya sentimita 90, seti 2 za 8.

Kuvuta: mkanda wa mpira uliofungwa kwenye nguzo, au dambeli ya kilo 5 au 6 huku mkono mwingine umeegemea benchi, seti 2 za 10. Wanaokaa ofisini huvuta kwa shingo, mabega yakipanda masikioni. Punguza uzito mpaka bega libaki chini.

Kubeba madumu mawili ya lita 5, mita 20, mara 3. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo hesabu ni rahisi. Dumu lijae kabisa, maana la nusu linamwayamwaya na kumyumbisha. Mchanga mkavu ni mzito zaidi: dumu la lita 5 lililojaa mchanga lina takriban kilo 8.

Kumalizia: kutembea dakika 10 kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba, kisha dakika 5 za kupunguza mwendo.

Pumziko kati ya seti ni dakika moja na nusu hadi mbili. Wakati wa kusukuma au kuinuka, apumue nje. Kuzuia pumzi huku unakaza kunarusha presha juu kwa sekunde chache, na mteja wetu hana sababu ya kuijaribu hiyo.

Kesho yake ataumwa kidogo. Maumivu ya misuli hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na mteja asiyeambiwa atadhani ameumia. Mwambie mapema. Lakini mwambie pia hili: mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au msuli ukivimba na kuuma kupita kiasi, ni hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili ya msuli kuvunjika na kumwaga taka zake kwenye figo, na kwa kawaida huwapata waliopigishwa marudio mengi mno siku za mwanzo. Skwati 100 za siku ya kwanza si ushujaa.

Hatua ya 5: Kupandisha, wiki ya 3 hadi 12

Wiki ya 3 hadi ya 6 seti ziwe 3, akiba 2 au 3. Wiki ya 7 punguza seti nusu huku uzito ukibaki uleule, mwili upumue. Wiki ya 8 hadi 12 ongeza uzito, akiba 2. Siku ya tatu iongezwe tu kama hajakosa vipindi zaidi ya kimoja wiki nne zilizopita.

Lini uongeze uzito? Weka lengo, tuseme marudio 8 hadi 10. Akifanya 12 kwenye seti ya mwisho, kwa mkao na mwendo safi, vipindi viwili mfululizo, pandisha. Kiasi cha kupandisha ni asilimia 2 hadi 10. Hapo ndipo jimu zetu zinapokwamisha watu, kwa sababu dambeli zinaruka kilo 2 kwa 2. Kutoka kilo 6 kwenda 8 ni ongezeko la asilimia 33, si ajabu mteja akapotosha mgongo. Una njia tatu: panda kwenye 8 lakini ushushe marudio hadi 6, ongeza seti ya nne kwenye kilo 6, au teremsha taratibu kwa sekunde 3 kila rudio. Ya tatu inafaa sana kwa goti bovu, ila inaleta maumivu zaidi kesho yake, hivyo ianze na seti moja.

Ngazi ya kupandia ya skwati ni hii: kiti cha juu, kiti cha sentimita 45, kiti hichohicho akikumbatia dambeli ya kilo 4 hadi 6 kifuani, kisha kilo 8 hadi 12, kisha bila kiti. Ya kuinama kwa nyonga: mpini wa fagio, dumu la lita 10 lililoinuliwa juu ya stuli fupi, dumu hilo kutoka sakafuni, dambeli mbili, na mwisho chuma kirefu. Wengi hawahitaji kufika kwenye chuma kirefu ndani ya wiki 12, na hakuna aibu. Pushapu zinashuka kutoka ukutani kwenda mezani, kwenye benchi, mpaka sakafuni. Pushapu za magotini zina tabia ya kumfanya mtu abaki hapo milele. Kushusha kimo cha meza kunampeleka mbali zaidi.

Kutembea: wiki ya 1 na 2 dakika 10 kwa siku. Wiki ya 3 ziwe 15, ya nne 20, ya tano 25, ya sita 30. Siku tano za dakika 30 zinafikisha dakika 150 kwa wiki, kima cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka tena mwaka 2020, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, ambazo tayari anazo kwako.

Ukipenda mapigo ya moyo, hesabu ya 208 kutoa 0.7 mara umri inampa mteja wetu kilele cha 176. Mapigo yake ya kupumzika ni 76, tofauti ni 100. Nguvu ya wastani ni asilimia 40 hadi 59 ya tofauti hiyo ukijumlisha 76: kati ya 116 na 135. Kumbuka hesabu zote za aina hii zinaweza kukosea kwa mapigo 10 kwenda juu au chini. Mteja akisema amechoka na saa inasema hajachoka, mwamini mteja.

Pwani, unyevu hauruhusu jasho kukauka, hivyo mapigo hupanda kwa kazi ileile. Kutana kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Aliyeshuka kutoka baridi, awe wa Arusha au mgeni wa likizo kutoka Ulaya, mpe wiki moja hadi mbili za kazi nyepesi mwili uzoee joto.

Kuelekeza kwa maneno

Kocha mchanga huongea mno. "Kifua juu, kaza tumbo, magoti nje, angalia mbele, pumua" ni maagizo matano kwa rudio la sekunde tatu. Onyesha marudio matatu kimya, mwache afanye matatu, kisha sema jambo moja tu.

Maneno yanayoelekeza nje ya mwili hufanya kazi vizuri kuliko yanayotaja msuli. "Sukuma sakafu" inazaa mwendo mzuri kuliko "kaza mapaja". Kwa kuinama kwa nyonga jaribu "mikono imejaa mizigo, funga mlango wa gari kwa makalio", na watu wanaelewa papo hapo. Kwa kuvuta: "tia kiwiko kwenye mfuko wa nyuma wa suruali". Neno likishindwa mara mbili, badilisha zoezi au kimo, usibadilishe sauti.

Kabla ya kumgusa mteja, omba, na umwambie utagusa wapi. Jibu la ndiyo la Jumanne si la Alhamisi. Mteja wa kike anayejisitiri mpe kona isiyotazamana na mlango, na mweleze mapema kuwa dera refu na kupiga hatua kubwa mbele haviendi pamoja, suruali pana na fulana ndefu vinatosha. Akitaka kuja na dada yake akae pembeni, mkaribishe dada na kiti.

Chakula: mpaka wako uko wapi

Unaruhusiwa kufundisha mambo ya jumla. Kupanga mlo wa mgonjwa wa kisukari au figo ni kazi ya mtaalamu wa lishe, na kumuuzia mtu dawa za kuyeyusha mafuta si kazi ya yeyote.

Mambo ya jumla yenyewe yanatosha. Nusu saa ya kutembea haraka kwa mtu wa kilo 88 hutumia takriban kalori 150 hadi 200. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, karibu vijiko 8 vya chai, kalori zaidi ya 120. Hakuna haja ya kumnyima ugali. Anza na vinywaji vya sukari, kisha ukubwa wa kipande cha wanga, kisha protini ya asubuhi, maana chai na maandazi mawili vinamwacha na njaa saa nne. Gramu 80 hadi 100 za protini kwa siku zinamfaa, kama figo zake ni nzima. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha kuku cha gramu 100 bila mfupa karibu 30. Badilisha jambo moja kila wiki mbili. Kocha anayebadilisha mlo wote Jumatatu hurudishiwa mlo wote Ijumaa.

Anapoanza kupotea

Hapa ndipo kazi inapopotea au kuokolewa. Mteja haagi, anakosa kimoja, anaona haya, anakosa cha pili. Mtumie ujumbe siku hiyohiyo, mfupi, usio na lawama:

"Shikamoo mama. Leo hatukuonana, natumaini ni kwema. Alhamisi saa 11 jioni nipo. Ukibanwa, fanya zile dakika 10 za nyumbani: kukaa na kusimama 10, ukuta 10, mara tatu."

Hizo dakika 10 zipangwe wiki ya kwanza, zikiwa na sharti lake: "nikirudi nyumbani baada ya saa moja usiku, nafanya kabla sijavua viatu." Mpango wenye saa na tukio hutekelezwa kuliko nia njema.

Msiba, safari ya kijijini, mtoto kuugua, vyote vitatokea ndani ya wiki 12. Akikosa wiki moja, arudi kwa uzito uleule, seti moja pungufu. Wiki mbili au tatu, punguza uzito asilimia 20 hadi 30. Mwezi mzima, anzeni tena kwenye mpango wa wiki ya 2, bila maoni.

Ramadhani haimaanishi kusimama. Kazi nyepesi saa moja kabla ya futari, au vyuma saa moja na nusu hadi mbili baada ya kufuturu. Uzito ubaki, seti zipungue kwa theluthi. Anayetumia insulini aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Dharura na makaratasi

Maumivu ya kifua yanayopanda taya au mkono, kuhema kusikoeleweka, kizunguzungu kisichoisha akikaa: simamisha, mkalishe, piga simu. Aliyezimia kwa kusimama ghafla mlaze, inua miguu, na ataamka baada ya muda mfupi. Asiyeitika na asiyepumua kawaida, anza kukandamiza kifua: 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30 kisha pumzi 2. Mafunzo hayo yasizidi miaka miwili bila kurudiwa. Namba ya hospitali ya karibu na ya dereva wa uhakika zibandikwe ukutani, si kwenye simu iliyoisha chaji.

Uza vifurushi vya vipindi 8 au 12, malipo kabla, kwa risiti. Andika sharti la kuahirisha, taarifa saa 12 au 24 kabla ya kipindi, na ulifuate kwa wote, pamoja na rafiki wa mwenye jimu. Taarifa za afya za mteja zinalindwa na sheria: Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fomu zifungiwe kabatini, na picha ya "kabla na baada" haipandi mtandaoni bila idhini ya maandishi.

Hatua ya mwisho: wiki ya 12

Rudia vipimo vilevile, saa ileile, kiti kilekile, tepu ileile. Anza na ngazi za ghorofa tatu, mzani mwisho.

Namba zisiposogea, usikimbilie kubadilisha mazoezi. Kagua kwa mpangilio huu. Kwanza mahudhurio: chini ya vipindi 18 kati ya 24, tatizo ni ratiba. Pili nguvu: fungua daftari, kama amebeba kilo 6 tangu wiki ya 3 umembania wewe. Tatu usingizi na chakula, hasa kama kiuno kimekataa lakini marudio yameongezeka. Mpango wenyewe ndio wa mwisho kulaumiwa. Kama vyote viko sawa na bado amechoka bila sababu, mrudishe kliniki akapimwe damu na tezi ya shingo, kisha mpangieni wiki nane nyingine, safari hii yeye akichagua mazoezi mawili kati ya matano.